Cicely Saunders: Daktari aliyekataa kuwaacha wagonjwa wa saratani na maumivu yao

WENGI waliowahi kuuguza ndugu mwenye saratani wanaifahamu siku ile ambayo daktari huwaeleza kwamba hakuna tena la kufanya. Cicely Saunders, Mwingereza aliyefariki dunia mwaka 2005, alitumia maisha yake kuthibitisha kwamba uponyaji unaposhindikana, kazi ya kitaalamu haijaisha.

Alizaliwa Juni 22, 1918 huko Barnet, kaskazini mwa London. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipozuka aliacha masomo katika Chuo Kikuu cha Oxford na kujifunza uuguzi. Maumivu ya mgongo yalimlazimu kuiacha kazi hiyo, akawa ofisa ustawi wa jamii hospitalini.

Humo ndimo alimokutana na David Tasma, mkimbizi wa Kiyahudi kutoka Poland, aliyekuwa akifa kwa saratani mbali na kwao. Walizungumza mara nyingi juu ya mahali ambapo mtu wa aina yake angeweza kumaliza siku zake bila maumivu wala upweke. Alipofariki mwaka 1948, Tasma alimwachia pauni 500, akitaka ziwe dirisha katika nyumba ambayo Saunders angeijenga.

Alipoamua kuwahudumia wagonjwa wa namna hiyo, daktari mmoja wa upasuaji alimshauri kwanza asomee udaktari, kwani madaktari ndio waliokuwa wakiwatelekeza wanaokufa. Alianza masomo hayo akiwa na umri wa zaidi ya miaka 30, akahitimu mwaka 1957.

Mwaka uliofuata alianza kazi katika hospisi ya St Joseph's, iliyoendeshwa na watawa wa Kikatoliki mashariki mwa London. Wakati huo, katika hospitali nyingi mgonjwa alipewa mofini pale tu maumivu yalipomzidi, kwa hofu ya kumfanya mraibu. Saunders aliigeuza kanuni hiyo. Dawa ilitolewa kwa kunywa, kwa saa maalumu, kabla maumivu hayajarudi, na kipimo kikalingana na hali ya kila mgonjwa. Kumbukumbu alizoweka za wagonjwa zaidi ya 1,000 zilionyesha kwamba maumivu yaliweza kudhibitiwa huku mgonjwa akibaki na akili timamu.

Aidha, alifundisha kwamba maumivu si ya mwili pekee. Mama anayewaza nani atawalea watoto wake hatulizwi na dawa tu. Kwa sababu hiyo, daktari alihitaji kufanya kazi bega kwa bega na muuguzi, ofisa ustawi wa jamii, kiongozi wa dini na familia yenyewe.

Mwaka 1967, miaka 19 baada ya kifo cha Tasma, hospisi ya St Christopher's ilifunguliwa kusini mwa London. Iliunganisha huduma, mafunzo na utafiti, na kuanzia mwaka 1969 wahudumu wake waliwafuata wagonjwa majumbani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1986 kuhusu maumivu ya saratani ulibeba kanuni zilezile za dawa ya kunywa inayotolewa kwa saa.

Mbegu hiyo ilifika Afrika Mashariki. Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka 1990, na mwaka 1993 Dk. Anne Merriman akaanzisha Hospice Africa Uganda, iliyotumia mofini ya maji ya gharama nafuu. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuandika dawa hiyo, hatua iliyoisogeza karibu na wagonjwa wa vijijini wasio na daktari.

Saunders mwenyewe aliugua saratani ya matiti. Alifariki Julai 14, 2005, akiwa na umri wa miaka 87, akihudumiwa katika hospisi ileile ya St Christopher's aliyoijenga kuanzia dirisha la Tasma.