Arap Koilegen na Imani kwa Wataalamu

Kila maradhi yanapoenea na watu wakaukataa ushauri wa madaktari, aghalabu sisi wasomi hukimbilia kuulaumu ujinga wa umma. Lawama hiyo ni nyepesi mno. Maisha ya Kipchomber arap Koilegen, aliyekuwa orgoiyot wa Wakipsigis, yanaonyesha kwamba jambo hili lina mizizi mirefu zaidi.

Koilegen alizaliwa Nandi katika ukoo wa Talai. Baba yake, Kimnyole arap Turukat, alikuwa orgoiyot wa Wanandi, mtu aliyeaminiwa kuwa na ujuzi wa mambo ya vita, mvua na maafa. Maagizo yake yalifikishwa kwa watu na wajumbe walioitwa maotik. Waliyoyapokea hawakupewa sababu wala ushahidi, walitakiwa kutii.

Mnamo mwaka wa 1890 hivi misiba iliandamana. Sotoka, iliyokuwa imeingia barani kupitia Eritrea mwaka 1887, iliteketeza ng'ombe, njaa ikafuata, na vijana wengi wakaangamia katika uvamizi ambao inasimuliwa kuwa Kimnyole aliubariki. Wanandi wakamtwika lawama za yote hayo, wakamuua kwa marungu. Sotoka haikuwa na tiba wakati huo, wala hakuna ambaye angeweza kuizuia. Lakini imani iliyotolewa bila kuuliza ni rahisi kuondolewa bila kupima.

Baadaye Koilegen alizozana na nduguye, Koitalel arap Samoei, kuhusu urithi wa baba yao, akahamia kwa Wakipsigis. Huko alipata heshima na wafuasi. Wakoloni, ambao walimuua Koitalel mwaka 1905, waliuogopa ushawishi wake. Mwaka 1914 walimhamisha pamoja na ndugu zake, na mauti yakamkuta uhamishoni. Mwaka 1934 serikali ilitunga sheria mahususi ya kuwaondoa Talai. Mamia yao walipelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, penye mbu na mbung'o, na wengi wakafa kwa malaria na malale. Waliosalia waliruhusiwa kurudi mwaka 1962.

Je, aliyezikwa nduguye Gwassi angempokeaje mjumbe wa serikali hiyo hiyo aliyekuja na sindano mkononi? Shaka ya mtu kama huyo si ujinga. Ni kumbukumbu.

Sotoka yenyewe ilikomeshwa, na ulimwengu ukatangaziwa hivyo mwaka 2011. Chanjo iliyotumika ilitokana na kazi ya Walter Plowright na wenzake katika maabara ya Muguga, hapa Kenya. Hata hivyo, maabara peke yake haingetosha. Katika maeneo ya mbali, wafugaji wenyewe walifunzwa kuwatambua ng'ombe wagonjwa na kuwachanja walio wazima. Walishirikishwa katika elimu hiyo, hawakuletewa amri tu.

Katika janga la Korona tulisahau somo hilo. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani halikuwashauri watu wote kuvaa barakoa mwanzoni. Ilipofika Juni, liliubadilisha ushauri wake. Mwanasayansi hubadili ushauri ushahidi unapoongezeka, na hiyo ni sifa ya elimu yake. Lakini mchuma chai wa Kericho au Bomet aliyefikiwa na agizo pasipo sababu, tena kwa lugha asiyoizoea, angeona nini ila ugeugeu? Tuliwageuza wauguzi na machifu kuwa maotik.

Walimu wenzangu, wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Mwanafunzi wa sayansi afundishwe jinsi jambo linavyojulikana na jinsi linavyosahihishwa, wala asikaririshwe majibu tu. Naye mtaalamu alazimike kueleza sababu zake kwa lugha ya anayemsikiliza, na kukiri mpaka wa ujuzi wake kabla maafa hayajamfichua. Umma uliozoea kupewa sababu utajua kutofautisha mtaalamu aliyekosea na mtaalamu aliyedanganya. Wanandi waliomhukumu Kimnyole hawakuwa na njia ya kuyapambanua hayo mawili.