Yohane Krisostomo: Mdomo wa Dhahabu Uliojeruhi



Tarehe 13 Septemba tunamkumbuka Mt. Yohane Krisostomo, Askofu na Mwalimu wa Kanisa. Nampenda sana huyu mzee, ndiyo maana kuna jambo lake linaniuma.

Alizaliwa Antiokia karibu mwaka 349. Baba alifariki mapema, na mama yake, Anthusa, mjane wa miaka kama 20 tu, akakataa kuolewa tena ili amlee. Akiwa kijana alikimbilia milimani kuishi kimonaki, akafunga kupita kiasi mpaka tumbo likaharibika, ikabidi arudi mjini. Mwaka 386 akapewa upadre. Jamani, watu walijazana! Walimpigia makofi katikati ya mahubiri hadi akawa anawakemea. Aliwauliza matajiri inasaidia nini kumpamba Kristo altareni kwa vikombe vya dhahabu huku Kristo huyohuyo anakufa njaa mlangoni. Hata leo ukisoma unajikuta unaangalia mfuko wako.

Sasa, mwaka huohuo alianza hotuba nane nyingine. Baadhi ya Wakristo wa Antiokia walikuwa wanakwenda sinagogi kwenye sikukuu za Wayahudi, naye akataka kuwazuia. Lakini aliwashambulia Wayahudi wenyewe: sinagogi akaliita danguro na pango la wezi, na taifa zima akalibebesha damu ya Bwana. Wasomi wanasema wasemaji wa enzi zile walizoea kumchafua mpinzani hivyo. Sawa, lakini karne nyingi baadaye waliowachukia Wayahudi waliyatumia maneno yake, na hao hawakujali desturi za wasemaji wa kale.

Wapo wanaosema tutenganishe kipaji na maoni yake. Kwa Krisostomo mimi sioni pa kukatia. Ulimi uliomtetea maskini ndio uleule uliowatukana watu wa kabila la Bikira Maria. Na Kanisa halijamvua utakatifu; ila tarehe 28 Oktoba 1965, katika tamko la Nostra Aetate, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikataa kabisa kuwabebesha Wayahudi wote lawama ile. Kwa hiyo kumheshimu Krisostomo hakunilazimishi kuzitetea hotuba zile nane.

Baadaye alifanywa Askofu wa Konstantinopoli. Akapunguza anasa za nyumba ya askofu, akajenga hospitali, akagombana na malkia Eudoxia, na mwaka 404 akapelekwa uhamishoni. Mwaka 407 askari walimtembeza akiwa mgonjwa mpaka akafia njiani, Comana, tarehe 14 Septemba. Siku hiyo ni Kutukuka kwa Msalaba, ndiyo maana sisi tunamwadhimisha siku moja kabla.

Mwaka huu nitasoma tena mahubiri yake juu ya Lazaro na tajiri. Na kwenye sala ya jumuiya, nia yangu itakuwa kuwaombea Wayahudi, nikimwomba Krisostomo mwenyewe aniombee pamoja nami.