Luc Gillon: Padri aliyeipa Afrika kinu chake cha kwanza cha nyuklia

LAC VERT, Goma – Katika mtaa huu wa magharibi mwa Goma, vyungu vingi bado huiva kwa makala, kama mkaa unavyoitwa hapa, na mengi hutoka misitu ya Virunga. Hidrojeni hutajwa miongoni mwa nishati mbadala za kesho, lakini ni gesi nyepesi mno, ngumu kuhifadhi. Njia mojawapo ni kuifungia ndani ya metali. Metali ya aina hiyo imekuwapo Kinshasa tangu 1959, kwa juhudi za padri mmoja.

Luc Gillon alizaliwa Rochefort, Ubelgiji, mwaka 1920. Alikuwa padri na pia mwanafizikia wa nyuklia, aliyesoma Louvain na kufanya utafiti Princeton, Marekani. Mwaka 1954 akawa mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Lovanium, Leopoldville, Kinshasa ya leo. Weusi na weupe walisoma darasa moja, jambo geni katika koloni lile.

Urani ya Shinkolobwe, Katanga, ilikuwa imetumika katika mabomu ya Marekani ya 1945. Gillon akapigania chuo chake kipate kinu cha utafiti wa amani. Juni 1959, mwaka mmoja kabla ya uhuru, TRICO kikaanza kazi, cha kwanza barani Afrika.

Mafuta yake ni urani iliyochanganywa na hidridi ya zirkoni, yaani metali iliyofunga hidrojeni. Hidrojeni hiyo hupunguza mwendo wa nyutroni; joto likizidi, nguvu ya kinu hushuka yenyewe.

Leo, katika vinu vikubwa kama cha Grenoble, Ufaransa, watafiti hurusha nyutroni kwenye hidridi na kupima zinavyotawanyika. Eksirei huiona hidrojeni kwa shida; nyutroni huonyesha imekaa wapi na inatokaje. Kinu cha Gillon, cha kilowati 50, kilikuwa kidogo kwa kazi hiyo, lakini kilifundisha vijana wa Kongo na kutengeneza isotopu.

Mwaka 1967 alimwachia uongozi Tharcisse Tshibangu, Mkongo wa kwanza kushika nafasi hiyo. Alifariki dunia 1998. Kinu cha pili, kilichoanza 1972, kimesimama tangu 2004.

Kongo ina maji ya Inga yanayoweza kuzalisha hidrojeni. Inachokosa ni maabara ya kuwaandaa watakaoihifadhi, na hiyo ndiyo kazi aliyoianza Gillon.