Roosevelt Brown: Mzuiaji aliyepatikana gazetini

Kwenye ndondo pale Somanda, anayeimbwa ni mfungaji. Beki anatajwa akikosea tu. Mpira wa Kimarekani nao una watu wa namna hiyo: wazuiaji wa mstari wa mbele. Hawafungi. Kazi yao ni kuwasukuma wapinzani ili mwenzao mwenye mpira apite.

Roosevelt Brown alikuwa mmoja wao. Alizaliwa Oktoba 20, 1932 huko Charlottesville, Virginia, akasoma Morgan State, chuo kidogo cha Weusi mjini Baltimore. Enzi hizo timu kubwa hazikuhangaika sana na vyuo vya Weusi.

Kilichombeba ni gazeti la Wamarekani Weusi, Pittsburgh Courier. Mwaka 1952 lilimweka kwenye kikosi bora cha wachezaji Weusi wa vyuo. New York Giants wakaliona jina.

Mwaka 1953 wakamchukua raundi ya 27, akiwa wa 321 kuchaguliwa. Yaani karibu na mkiani kabisa! Lakini jamaa alikaa misimu 13, akaitwa mechi ya nyota mara 9. Mwaka 1956 Giants walitwaa ubingwa kwa kuichapa Chicago Bears 47-7.

Ugonjwa wa mishipa ya damu ulimstaafisha. Mwaka 1975 aliingizwa kwenye Jumba la Magwiji, mtu wa pili tu kuingia kwa kazi ya uzuiaji pekee.

Alifariki Juni 2004, akiwa na miaka 71. Baada ya kustaafu alibaki Giants kama kocha, kisha msaka vipaji. Aliyeokotwa gazetini akageuka kuwa mtafutaji wa wengine.