Mzee Morris, mwenye ngoma za taarifa ya habari

Msikilizaji wetu wa Sirari, Nyamongo au Mugumu, kama umri wako unafika enzi za redio moja ya betri kwa kaya nzima, ngoma hizi unazijua. Zililia Radio Tanzania kabla ya taarifa ya habari, na watoto wakaambiwa wanyamaze.

Aliyezipiga ni Morris Nyunyusa, mtu wa kusini mwa nchi, aliyezoeleka kwa jina la Mzee Morris. Ukizisikia utadhani ni kundi la watu watano au sita. Alikuwa peke yake, amezungukwa na ngoma zaidi ya kumi. Na alikuwa kipofu.

Hapo tukae kidogo. Ngoma kubwa ina sauti nzito, ndogo ina sauti kali, na ngozi ikipashwa moto hukaza na sauti ikapanda. Mtu akizipanga ngoma nyingi kwa sauti zake, anachopiga si mdundo tu, ni wimbo. Mpiga litungu wa huku kwetu huzijua nyuzi zake nane bila kuzitazama, lakini nyuzi hizo zimekaa karibu karibu. Mkono wa Mzee Morris ulilazimika kusafiri kutoka ngoma hii hadi ile ya upande wa pili, usikose, wala usichelewe. Tukiwa studio tumewahi kuona mpiga dramu mwenye macho yake mawili akihangaika na nne tu!

RTD ilianza kuitwa jina hilo mwaka 1965, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa redio ya nchi na pia studio ya nchi. Msanii alikwenda, akarekodi, akaondoka. Kanda ilibaki redioni. Kupigwa kwake hewani hakukumletea malipo kila mara iliposikika. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tuliyonayo ilitungwa mwaka 1999, wakati ngoma hizo zimeshalia maelfu ya mara. Na tofauti na bendi za dansi, ambazo mtangazaji alizitaja kabla ya wimbo, mlio wa kufungulia habari hautajwi mpigaji wake.

Hayo hayakuwa ya kwetu tu. Huko Memphis, Marekani, Al Jackson alipiga dramu katika nyimbo za soul za Otis Redding na wengine wa studio ya Stax, hadi alipouawa mwaka 1975. Waimbaji wanajulikana dunia nzima. Yeye wanamjua wapiga dramu wenzake.

Mzee Morris ameshafariki siku nyingi. Ngoma zake zilivuka kutoka RTD hadi TBC Taifa, na vijana wasiowahi kumwona hata kwa picha wanajua kwamba zikianza kulia, habari inafuata.