Haldane, Mtu Aliyevuta Sumu Ili Aipime

Wanachuo wenzangu, tukiona alama ya fuvu kwenye chupa maabarani, wengi tunapita tu. Mimi namkumbuka John Scott Haldane.

Alizaliwa Edinburgh mwaka 1860, akasomea udaktari. Mwaka 1896 mgodi wa makaa ya mawe ulilipuka Tylorstown, Wales. Ungedhani moto ndio ulioua, kumbe Haldane alipochunguza maiti, wengi walikufa kwa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Aliijua vizuri, maana alishaivuta mwenyewe kwa makusudi, akapima kiasi kilichoingia kwenye damu na kuandika dalili zake.

Basi akashauri wachimbaji washuke na panya au ndege wadogo. Mwili mdogo huzidiwa mapema, na mtu anapata nafasi ya kukimbia. Chiriku walitumika migodini Uingereza hata baada ya yeye kufariki mwaka 1936.

Siku hizi sumu ya kuvuta hupimwa kwa panya, kwa kawaida saa 4. Matokeo yake ndiyo yanayoandikwa kwenye karatasi ya usalama wa kemikali. Tuisome kabla hatujafungua chupa.