Imam Ghazali Alipofungwa Ulimi



Ndugu zangu wanafunzi, mwaka jana nilirudi nyumbani Kamembe katikati ya muhula. Sikuwa na homa wala malaria. Nilikuwa silali, chakula hakipiti, na nikifungua daftari hakuna kinachoingia. Nikaambiwa imani yangu imepungua. Niliamini, nikaona haya, nikanyamaza. Aliyenifungua mdomo ni mtu aliyefariki zaidi ya miaka 900 iliyopita, Imam Abu Hamid al-Ghazali.

Wengi tunamjua kwa Ihya Ulum al-Din. Alivyougua, wachache tunakujua. Alizaliwa Tus, Khorasan, mwaka 450 Hijria (1058). Baba yao alifariki yeye na ndugu yake Ahmad wangali wadogo. Alisoma Nishapur kwa Imam al-Juwayni, na mwaka 484 (1091) waziri Nizam al-Mulk akamteua kufundisha Nizamiyya ya Baghdad. Hakuwa amefika hata miaka 35, na wanafunzi 300 walimsikiliza.

Mwezi wa Rajab mwaka 488 (1095) mambo yakamgeukia. Aliichunguza nia yake, akaona anafundisha kwa ajili ya jina na cheo. Kwa karibu miezi 6 alivutwa huku na huku: asubuhi anaazimia kuondoka, jioni anaghairi. Mwishowe ulimi ukafungwa. Alijilazimisha afundishe walau siku moja awaridhishe wanafunzi wake, neno halikutoka. Huzuni ikamshika hadi chakula na kinywaji vikawa havishuki. Matabibu wakaona kwamba chanzo kimo moyoni, na mwili hautapona mpaka dhiki ya moyo itulie.

Tazameni alichofanya. Alimlilia Mwenyezi Mungu, na matabibu hakuwakataa. Aliacha cheo. Alitenga riziki ya watoto wake, akagawa mali iliyobaki, akaenda Sham. Alikaa huko karibu miaka 2, akijitenga katika mnara wa msikiti wa Damascus, kisha akaenda Baytul Maqdis, na akahiji. Miaka hiyo ya kujitenga ndiyo iliyotupa Ihya, yenye vitabu 40. Mwaka 499 (1106) alirudi kufundisha, Nishapur. Alifariki Tus mwaka 505 (1111).

Habari za kuugua kwake tunazijua kwa sababu aliziandika mwenyewe, katika al-Munqidh min al-Dalal. Humo alieleza pia shaka iliyomshika hapo kabla kwa karibu miezi 2, akaihesabu kuwa ni maradhi ambayo Mungu alimponya. Mtu tunayemwita Hujjatul Islam angeweza kuficha. Hakuficha, basi anayekuja nyuma asidhani yuko peke yake.

Sisemi ugonjwa wangu ni ule wake. Yeye alikuwa na lake na Mola wake, mimi nina langu. Lakini kama ulimi wa Ghazali ulifungwa, basi kufungwa ulimi si dalili ya ukafiri.

Nilimsimulia mama kisa cha Imam kwanza, maana kilikuwa chepesi kuliko changu. Kisha nikamsimulia changu. Alikaa kimya, halafu akaniambia kwamba yeye pia, tangu mwaka 1994, usiku wake haujawa usiku. Sikuwahi kulijua hilo. Wiki ile tulikwenda wote wawili kituo cha afya na kadi zetu za mituweli, tukaonana na muuguzi wa afya ya akili. Dawa haikuzuia swala, wala swala haikuzuia dawa. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kutafuta tiba. Leo nimerudi darasani. Mama bado anaendelea na safari yake.

Ndugu yangu, dada yangu, ukimkosa mwenzako kwenye swala ya jamaa siku tatu, usianze kupima imani yake. Gonga mlango. Muulize amelala lini, amekula nini, kisha ukae umsikilize.

Allah awaponye wagonjwa wetu, wanaosema na walionyamaza. Amin.

Wabillahi tawfiq.